Mabao manne yaliyomwokoa Toto

JE, bao la mpira linaweza kuokoa roho ya mtu? Usicheke, msomaji wangu. Najua wewe ukisikia bao unawaza pointi tatu, unawaza jinsi utakavyomtambia jirani yako kesho asubuhi. Leo nakuletea kisa cha mabao manne yaliyofungwa mjini Kigali, Rwanda, mwezi Machi 1994. Wiki chache baadaye mabao hayohayo yalisimama mlangoni, katikati ya kijana mmoja na mtutu wa bunduki.

Hii siyo porojo. Kijana mwenyewe alipona, akawa mtu mzima, na amekisimulia kisa chake hadharani miaka nenda, miaka rudi.

Utaniuliza, mtoto wa Njoro, Moshi mjini, ya Kigali yananihusu nini? Yananihusu sana. Mkataba wa kumaliza vita ya Rwanda ulisainiwa Arusha, kilomita 80 hivi kutoka hapa kwetu. Rais wa Rwanda aliyeuawa ndani ya ndege yake alikuwa anatoka kikaoni Dar es Salaam. Na walipokuja kushtakiwa wakubwa wa mauaji yale, walishushwa KIA, palepale tunapopita na Coaster kwenda Arusha, wakapelekwa kizimbani. Hii ni habari ya jirani, na nyumba ya jirani ikiungua, moshi unaingia chumbani kwako.

Halafu kuna kijiwe chetu cha Njoro. Nitakifikia, usiwe na haraka.

TIMU YA WATU

Kwanza uijue timu. Rayon Sports ilianzishwa mwaka 1968 mjini Nyanza, kusini mwa Rwanda, mji uliokuwa makao ya wafalme wa zamani. Jezi zao ni bluu na nyeupe. Washabiki wanaiita Gikundiro, yaani kipenzi. Ukitaka kuuelewa ushabiki wa Rayon, chukua kelele zote za Msimbazi na Jangwani, uzimwage kwenye nchi ndogo ambayo ingeingia mara mbili ndani ya mkoa wa Morogoro na nafasi ikabaki. Wapinzani wao walikuwa Kiyovu ya Kigali, Mukura ya Butare, na Panthères Noires, timu ya jeshi.

Rayon ilichezesha Wahutu na Watutsi pamoja, wakavaa jezi moja, wakala sahani moja kambini. Leo utasema hilo ni jambo la kawaida. Rwanda ya wakati ule kila mtu mzima alitembea na kitambulisho kilichoandikwa kabila lake. Wabelgiji ndio walioanzisha mtindo huo miaka ya 1930 walipokuwa wakitawala, na serikali zilizokuja baada ya uhuru wa 1962 zikauendeleza. Kiti cha sekondari, kazi serikalini, vyote vilipimwa kwa karatasi hiyo. Kariri hilo la kitambulisho, maana tutalirudia.

Golini alisimama kijana Eric Eugène Murangwa, Mtutsi, hajafikisha hata miaka 20. Wenzake walimwita 'Toto'. Ndiyo, ni hilohilo neno la Kiswahili chetu, kwa kuwa alikuwa mdogo wao. Wala usishangae. Kigali kuna mtaa unaitwa Nyamirambo, una misikiti, una uwanja wa mpira, na Kiswahili kinazungumzwa barazani kama kinavyozungumzwa Majengo au Pasua. Mtoto wa mjini wa Kigali na mtoto wa mjini wa Moshi wangeelewana bila mkalimani.

MSIMU WA MAFUTA NA KIBERITI

Sasa twende kwenye msimu wenyewe. Vita ilikuwa imeanza Oktoba 1, 1990, wapiganaji wa RPF walipovuka mpaka kutoka Uganda. Wengi wao walikuwa watoto wa wakimbizi wa Kitutsi, walikulia ugenini na walitaka kurudi kwao. Miaka mitatu ya kupigana na kukaa mezani iliishia Arusha Agosti 4, 1993. Siku hiyo serikali ya Rais Juvénal Habyarimana na RPF walisaini mkataba wa kugawana madaraka, mwenyeji wao akiwa Rais Ali Hassan Mwinyi. Watu wakashusha pumzi. Sisi huku tukarudi kwenye mpira wetu. Mwaka huohuo Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikaja kulizwa na Stella ya Abidjan 2-0 palepale Dar. Kilio cha siku ile wenye umri wetu wanakikumbuka.

Lakini Rwanda kuna kitu kilikuwa kimeanza mwezi mmoja kabla ya mkataba. Julai 1993 redio mpya iliingia hewani, RTLM. Wewe kijana sikiliza hapa, maana ndipo ulipokuwa mtego. Redio ya taifa ilikuwa ya kizee, taarifa na hotuba. RTLM ikaja na muziki wa moto wa Zaire, watangazaji wenye lugha ya mtaani, wanatania, wanacheka, wanapiga soga kama wapo baa. Vijana wakaipenda kufa. Mafundi, madereva, wauza duka, kila mmoja sikio lipo huko. Utani ulianza taratibu, kidogokidogo ukabadilika rangi. Watutsi wakaitwa inyenzi, mende. Kwanza watu walicheka.

Oktoba 21, 1993 wanajeshi wa Burundi wakamuua rais wao, Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuongoza nchi ile. Wenye chuki wa Rwanda wakapata kisingizio walichokuwa wakikitafuta. Siku mbili baadaye, Oktoba 23, mwanasiasa Froduald Karamira alihutubia mkutano mjini Kigali akiwataka Wahutu wote waungane dhidi ya adui. Umati ukaitikia kwa sauti moja: "Pawa!" Unajua mkutano huo ulifanyika wapi? Uwanja wa mpira wa Nyamirambo. Jukwaa lilelile ambalo siku za mechi mtu alimkumbatia asiyemjua kwa sababu tu wamevaa rangi moja.

Desemba 28, 1993 askari 600 wa RPF waliingia Kigali kwa mujibu wa mkataba wa Arusha, wakawekwa kwenye jengo la Bunge. Februari 21, 1994 waziri Félicien Gatabazi, kiongozi wa chama cha upinzani, akapigwa risasi na kufa. Kesho yake kundi la watu kusini likamuua Martin Bucyana, kiongozi wa chama cha CDR, chama cha Wahutu wenye msimamo mkali. Kulipiziana kulianza mchana kweupe.

Na ligi? Ligi ikaendelea, bwana. Jumapili ikifika, watu uwanjani. Ndivyo binadamu tulivyo. Nyumba inavuja, sisi tunauliza matokeo.

NNE MOJA

Machi 1994 Rayon wakakutana na Al-Hilal ya Omdurman, Sudan, katika Kombe la Washindi barani Afrika. Hilal haikuwa timu ya kuchezea. Ilikuwa imefika fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1987 na tena 1992. Kule Sudan Rayon walifungwa, kwa hiyo marudiano ya Kigali wengi waliyaona ni ya kukamilisha ratiba tu.

Basi bwana, siku hiyo Rayon waliwatandika Waarabu wale mabao manne kwa moja. Nne moja! Kigali ikaripuka. Watu walimwagika barabarani, magari yakapiga honi, waliokuwa hawasalimiani tangu Gatabazi auawe wakajikuta wamekumbatiana. Murangwa mwenyewe amesema mara nyingi kwamba usiku ule hakuna aliyemuuliza mwenzake wewe kabila gani. Vizuizi vya barabarani vilivyokuwa vikiwatisha watu wiki nzima vilipitika kwa nyimbo.

Hebu tafakari. Mji ambao umejaa silaha, mji ambao orodha za watu wa kuuawa zilikuwa zimeshaanza kuandikwa, kwa usiku mmoja ulikuwa mji wa bluu na nyeupe. Miongoni mwa waliokuwa wakiimba walikuwemo watakaoua na watakaouawa. Kuna waliobebana mabegani.

Ushindi ule uliwapeleka Rayon mbele kwenye kombe. Mechi iliyofuata hawakuicheza.

USIKU WA APRILI 6

Jumatano, Aprili 6, 1994. Afrika nzima ilikuwa inatazama Tunisia, nusu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Zambia, iliyopoteza wachezaji wake 18 katika ajali ya ndege Gabon mwaka mmoja tu kabla, iliikandika Mali 4-0. Nigeria ikaitoa Ivory Coast kwa penalti. Mtaani kwetu Njoro runinga zilikuwa za kuhesabu. Nami nikiwa kijana wa shule nilikuwa nimejibanza kwenye redio ya dingi, nasubiri matokeo. Kigali nako baa zilijaa, macho kwenye mpira.

Saa mbili na dakika ishirini hivi usiku kwa saa za Kigali, ndege iliyombeba Rais Habyarimana na mwenzake wa Burundi, Cyprien Ntaryamira, ilitunguliwa ikijiandaa kutua. Walikuwa wametoka Dar es Salaam, kwenye kikao cha kusukuma mkataba uleule wa Arusha. Wote waliokuwamo wakafa. Usiku huohuo vizuizi vikajaa barabarani, na safari hii havikupitika kwa nyimbo. Asubuhi ya Aprili 7 orodha zikaanza kusomwa nyumba kwa nyumba.

Tulisikia redioni, lakini tulielewa polepole. Aprili 28 na 29 wakimbizi kiasi cha 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi. Mto Kagera ukaleta maiti mpaka Ziwa Victoria. Hapo hata wale waliokuwa wakisema "mambo yao hayo" walinyamaza. Kwa muda wa siku 100 hivi waliuawa watu kati ya 800,000 na zaidi ya milioni moja, wengi mno Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kuua.

"WEWE NDIYE TOTO?"

Sasa rudi kwa kipa wetu. Asubuhi ya Aprili 7 askari walivamia nyumba aliyokuwa akiishi Murangwa na wenzake. Wakawalaza chini, wakadai silaha, wakaanza kupekua na kurusha vitu huku na huku. Katika kurusharusha ikaanguka albamu ya picha, ikafunguka. Askari mmoja akainama. Akaona picha ya kijana mwenye jezi ya Rayon.

Akauliza huyu ni nani. Murangwa akajibu ni mimi. Askari hakuamini: wewe ndiye Toto? Yule kipa?

Msomaji wangu, dakika ile bunduki ilibadilika. Askari yule alikuwa shabiki wa Rayon wa kulala na kuamka. Badala ya kumpiga risasi, alianza kuzungumza naye habari za mechi. Habari za Hilal. Habari za nne moja! Mji unanuka damu, mtu na askari wake wanazungumzia mpira. Walipoondoka, Toto alikuwa hai.

Mtu asikudanganye kwamba hapo ndipo kisa kilipoishia. Huo ulikuwa mwanzo tu. Wachezaji wenzake Wahutu wakamchukua na kumficha, huku wakijua kwamba aliyekutwa anamficha Mtutsi aliuawa naye. Baadaye akahifadhiwa na mmoja wa wakubwa wa klabu, mtu ambaye huku nje alikuwa kiongozi wa Interahamwe, wanamgambo waliokuwa wakiua. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mkono mmoja unaua barabarani, mkono mwingine unamfunika kipa chumbani. Mwishowe akafika kwa watu wa Msalaba Mwekundu, kisha kwenye hoteli ya Mille Collines, walikokimbilia wengi.

Murangwa alipona. Mdogo wake wa kiume, mtoto wa miaka saba, hakupona. Ndugu zake zaidi ya 30 hawakupona. Wao hawakuwa na picha ya jezi ya Rayon.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayonikosesha usingizi. Askari yule aliiona sura anayoijua, akashindwa kuua. Nyumba ya pili yake alimoingia, kama aliingia, hakukuwa na sura anayoijua. Kulikuwa na karatasi tu yenye kabila.

MPIRA HUOHUO

Ningeweza kuishia hapa, tukaimba kwamba mpira ni amani, tukaenda zetu kunywa soda. Ingekuwa nusu ya ukweli. Wengi waliochunguza wanakumbusha kwamba Interahamwe wenyewe walizaliwa kwenye makundi ya vijana wa mpira na michezo ya mjini Kigali, ambayo wakubwa wa chama tawala cha MRND waliyachukua, wakayapa sare, bia na ahadi. Vijana wasio na kazi, wanaojua kuimba kwa pamoja, wanaojua kumzomea mpinzani, wanaomtii kiongozi wa jukwaa. Mwanasiasa mjanja angetaka nini zaidi? Jina lenyewe la Interahamwe maana yake ni wanaoshambulia pamoja. Ukilisikia bila kujua, unaweza kudhani ni wimbo wa safu ya mbele.

Miaka ya mwisho ya 1990 nilipata kwenda Arusha kuiona Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Umoja wa Mataifa uliiunda Novemba 1994, ikakaa katika jengo la AICC, ikafanya kazi hadi mwisho wa 2015. Ilifungua mashtaka dhidi ya watu 93. Mwananchi yeyote aliruhusiwa kuingia kusikiliza. Unakaa nyuma ya kioo kikubwa, unavaa kifaa masikioni, unachagua lugha: Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza.

Nilitegemea kuona majitu yenye macho mekundu. Nikaona wazee waliovaa suti na tai, wamechana nywele, wanaandika pembeni kama wapo semina. Mmoja wa waliohukumiwa pale alikuwa Georges Rutaganda, makamu wa pili wa rais wa Interahamwe, mfanyabiashara msomi wa kilimo, aliyepewa kifungo cha maisha Desemba 1999. Desemba 2003 zikaja hukumu za watu wa vyombo vya habari, wakiwemo waanzilishi wa RTLM. Mahakama ikakubali kwamba neno linalorushwa hewani linaweza kuua sawa na panga.

Niliporudi Moshi siku ile nilikuwa kimya ndani ya basi mpaka Boma Ng'ombe. Kilichonitisha ni jinsi watu wale walivyokuwa wa kawaida. Ungekutana na mmoja wao jukwaani Ushirika, ungempa nafasi akae.

HISPANIA NAKO

Na usidhani haya ni ya Afrika peke yake, kama wapendavyo kusema watu wa mbali. Nenda Hispania mwaka 1936. Juni 21 ilichezwa fainali ya kombe la nchi kwenye uwanja wa Mestalla, Valencia. Madrid 2, Barcelona 1. Dakika za mwisho kabisa kipa wa Madrid, Ricardo Zamora, aliruka katikati ya vumbi akaokoa shuti ambalo hadi leo Wahispania wanalisimulia. Hazikupita wiki nne, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza. Ligi ikasimama, ndugu wakauana hadi 1939.

Zamora akakamatwa na kutupwa gereza la Modelo, Madrid, mahali ambapo wengi walitolewa usiku wasirudi. Naye aliponea hapo, akaishia Ufaransa akicheza mpira Nice. Rais wa Barcelona, Josep Sunyol, hakupata bahati hiyo. Agosti 1936 alikamatwa milimani nje ya Madrid, akapigwa risasi.

Kipa wa Hispania, kipa wa Rwanda. Miaka 58 katikati, na bahati ileile ya kujulikana. Lakini nchi haiwezi kuishi kwa bahati ya kujulikana. Wangapi kati yetu tunajulikana?

KIJIWENI NJORO

Sasa nakuja kwenye kijiwe chetu kama nilivyoahidi. Pana fundi viatu, pana muuza kahawa, pana vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria, na pana sisi wengine ambao kazi yetu pale ni kubisha. Mada ni moja tu, Simba na Yanga. Hapo ndugu yangu ukisikia matusi utadhani watu watachinjana. Wa Yanga anaitwa chura, anaitwa kandambili. Wa Simba anaitwa mikia. Mtu akifungwa Jumamosi, Jumapili anapita njia ya nyuma kwenda kanisani.

Hivi karibuni ubishi ulinoga, sauti zikapanda. Kijana mmoja wa bodaboda, mgeni hapa Moshi, alikuwa akiitetea timu yake vizuri kuliko wenyeji. Jamaa aliyeshindwa hoja akamtupia neno: "Nyie watu wa kwenu ndivyo mlivyo, rudini mlikotoka." Kijiwe kikawa kimya. Kijana alikuwa na majibu ya kila kitu, la penalti, la mwamuzi, la usajili. Kwa hilo hakuwa na jibu. Akainamisha uso, akawasha pikipiki.

Mzee wa kahawa, ambaye kwa kawaida huwa haingilii, akaweka birika chini. Akamwambia yule jamaa, "Mpira umeuacha wapi, baba? Hilo ulilosema lina bao ngapi?" Kisha akamwita kijana, "Njoo mwanangu, kahawa yako bado ya moto." Kijana akazima pikipiki, akarudi. Yule jamaa akajikuna kichwa, akalipa kahawa zote mbili. Ubishi ukaendelea.

Ni jambo dogo, nakubali. Watanzania hatuna kabila kwenye vitambulisho vyetu, tumeoana, tumezikana, na utani wetu una mizizi. Mpare na Mchaga, Mmachame na Mkibosho, watu wanataniana hadi msibani. Mimi sisemi tuache utani. Utani ni chumvi. Ninachosema ni kwamba tujue tofauti.

Chura anaweza kumjibu mwenzake mikia. Leo kafungwa huyu, kesho kafungwa yule, zamu zinabadilishana, kisha watu wanagawana kahawa. Ndiyo maana ni utani. Lakini ukimwita mtu mende, atajibu nini? Ukimwambia mtu arudi alikotoka, zamu yake ya kukujibu ni lini? Neno lisilo na zamu ya pili limetoka nje ya uwanja. RTLM ilianza kwa kuchekesha. Wacheshi wake walikuwa hodari. Na wasikilizaji wake walikuwa vijana kama wa kijiweni kwetu, wapenda muziki na mpira.

GIKUNDIRO IKAFUFUKA

Utataka kujua timu iliishia wapi. Kombe lile la Washindi la 1994 liliendelea bila Rayon, likafika hadi fainali kati ya Kenya Breweries ya Nairobi na Motema Pembe ya Zaire, Motema Pembe wakalibeba. Uwanja wa Amahoro wa Kigali, ambao jina lake maana yake ni amani, katika miezi ile haukuwa wa mpira. Watu kama 12,000 walijibanza humo chini ya ulinzi wa askari wachache wa Umoja wa Mataifa, mabomu yakianguka.

Rayon ilipoteza wachezaji na washabiki wengi. Lakini miezi michache tu baada ya mauaji kukoma, waliobaki wakajikusanya, wakaingia tena dimbani Nyamirambo kukabiliana na watani wao, Kiyovu. Fikiria ujasiri wa mtu aliyelipa kiingilio siku ile. Anakaa jukwaani, hajui aliye kulia kwake alifanya nini Aprili.

Mwaka 1998 Rayon walikuja Zanzibar kwenye Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati, wakawafunga wenyeji Mlandege 2-1 katika fainali, wakabeba kombe. Mwaka 2004 timu ya taifa ya Rwanda ikacheza fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake. Wapi? Tunisia, nchi ileile ambayo Kigali ilikuwa ikiitazama kwenye runinga usiku wa ndege kuanguka, miaka kumi hivi nyuma. Na neno kabila likaondolewa kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda.

Murangwa aliichezea nchi yake na kuwa nahodha, kisha akahamia Uingereza. Huko ameanzisha taasisi zinazotumia mpira na simulizi za walionusurika kuwafundisha vijana. Mwaka 2018 Waingereza wakamtunuku nishani ya MBE. Anapopita mashuleni hawaambii watoto kwamba yeye ni shujaa. Anawaambia habari za wachezaji wenzake waliomficha.

Mimi nimemsikiliza, na hilo ndilo ninalolichukua. Askari yule alimwacha hai kwa sababu ya mabao manne, sawa. Lakini mabao yalinunua asubuhi moja tu. Siku nyingi zilizofuata zilinunuliwa na vijana wa kawaida waliocheza naye, waliojua kabila lake na bado wakamfungulia mlango. Hao hawakuhitaji albamu ya picha.

Kwa leo niishie hapa. Jumamosi mpira upo, nami nitakuwa kijiweni na jezi yangu. Nenda katanie, mwite mwenzako chura, mwite mikia, mpigie kelele mpaka akimbie. Akikujibu, mnunulie kahawa. Ukiona neno lako limemfanya anyamaze na kuinamisha uso, mfuate kabla hajawasha pikipiki.